Kweli au Uongo: Mabomu Yaliyorukaruka Majini

Katika bonde la Derwent, kwenye vilima vya Peak District nchini Uingereza, kuna ukuta wa bwawa uliojengwa kwa mawe ya kuchonga, wenye minara miwili inayoufanya ufanane na ngome. Ujenzi ulianza mwaka 1902 ukakamilika 1916, na maji yake yalikusudiwa miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester. Ndani ya mnara wa magharibi ndimo lilimowekwa jumba dogo la makumbusho ya Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza. Ni kikosi kile ambacho, usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1943, kikiongozwa na Guy Gibson, kilikwenda kuyapiga mabwawa ya Ujerumani.

Kwa asiyekijua kisa chenyewe: ndege 19 aina ya Lancaster, zikiwa na watu 133, ziliruka kutoka kituo cha Scampton, kila moja na bomu moja la namna ambayo haikuwahi kutumika. Kuta mbili, Möhne na Eder, zilibomoka. Ndege 8 hazikurudi. Wanajeshi 53 wakafa, 3 wakatekwa. Mwaka 1955 ikatoka filamu ya The Dam Busters, na tangu hapo watu wengi wanakijua kisa hiki kwa jinsi walivyokiona kwenye pazia la sinema. Filamu ilikisimulia kutoka angani, ndani ya ndege. Ukishuka ukakisikiliza kutoka bondeni, yalikopita maji, majibu mengi hubadilika. Tuyapitie madai yanayosikika mara kwa mara.

"Mabomu yalijaribiwa hapa Derwent."

Uongo. Derwent halikudondoshewa bomu hata moja. Marubani walilitumia bwawa hili kujifunza kuruka chini chini juu ya maji, kwa sababu bonde limebanwa na vilima na kwa sababu minara yake miwili inafanana na ile ya Möhne. Minara ilikuwa na kazi. Mlenga bomu alipewa kibao cha pembetatu chenye tundu la kuchungulia kwenye ncha moja na misumari miwili kwenye ncha nyingine. Misumari ikilingana na minara, umbali umetimia, achia. Wengine walikiona kibao hicho kinatikisika mno mkononi, wakakiacha na kutumia kamba na alama walizochora kwenye kioo cha mbele. Silaha iliyogharimu akili na fedha nyingi kiasi hicho ililengwa kwa msumari na kamba.

Bomu lenyewe lilijaribiwa ufukweni, Chesil Beach na baadaye Reculver. Hesabu ya kiasi gani cha baruti kingebomoa ukuta ilipatikana Wales mwaka 1942, kwa kulipua bwawa dogo la Nant-y-Gro lililokuwa halitumiki tena. Ni rahisi kuelewa watu wanachanganyia wapi: sehemu ya filamu ilipigwa Derwent, kwa hiyo walichokiona wakidhani ni Ujerumani kilikuwa Uingereza.

"Wazo la taa mbili Gibson alilipata akitazama wacheza dansi jukwaani."

Uongo mtamu, na ni wa filamu moja kwa moja. Bomu lilipaswa kuachiwa ndege ikiwa futi 60 juu ya maji, yaani mita 18 hivi, gizani, kwa mwendo wa karibu kilomita 370 kwa saa. Kipimo cha kawaida cha mwinuko hakikuaminika kwa kimo hicho. Dawa yake ilikuwa kufunga taa mbili chini ya ndege, miale yake ikiinamishwa ili madoa ya mwanga yakutane juu ya maji pale tu ndege inapokuwa kwenye futi 60. Mwelekeza njia alichungulia dirishani akimwambia rubani ashuke au apande. Aliyeleta pendekezo hilo ni Benjamin Lockspeiser, mwanasayansi wa wizara iliyosimamia utengenezaji wa ndege, na mbinu inayofanana nayo ilikwishajaribiwa kabla kwa ndege za kuwinda nyambizi baharini. Lakini ofisa wa wizara mwenye faili mkononi hauzi tiketi za sinema; miguu ya wachezaji jukwaani inauza.

"Bomu lilikuwa la mviringo kama mpira."

Uongo, ingawa kosa hili lina sababu yake. Barnes Wallis, mhandisi wa kampuni ya Vickers, alianza utafiti nyumbani kwake kwa kurusha gololi za watoto wake juu ya beseni la maji, na mpango wake wa kwanza kweli ulikuwa tufe: chuma ndani, mbao nje. Huko Reculver mbao zilipasuka kila zilipogonga maji. Hatimaye zikaondolewa, likabaki pipa la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani nne, karibu tani tatu kati ya hizo zikiwa baruti. Jina lake la siri lilikuwa Upkeep.

Kwa nini liruke juu ya maji badala ya kudondoshwa tu? Kwa sababu Wajerumani walikuwa wametandaza nyavu za chuma mbele ya kuta kuzuia topedo. Upkeep liliruka juu ya nyavu hizo kama kijiwe bapa ambacho mtoto hukirusha ziwani. Sehemu ya pili ya ufundi husahaulika: kabla ya kuachiwa, pipa lilizungushwa kwa mota, mara 500 kwa dakika, likizungukia nyuma. Mzunguko huo ulilisaidia kuruka, na lilipougonga ukuta, uliligandisha ukutani likizama badala ya kuliacha lirudi nyuma. Likifika kina cha mita 9, shinikizo la maji lililipua. Maji yenyewe, yakiwa yamelizunguka bomu, ndiyo yaliyousukuma mlipuko uingie ukutani. Bomu lile lile likilipukia hewani pembeni mwa ukuta lisingefanya kitu. Ndiyo maana shambulio lilipangwa Mei, mabwawa yakiwa yamejaa.

Watazamaji wa filamu hawakuona pipa kwa kuwa mwaka 1955 umbo la bomu bado lilikuwa siri ya serikali, na liliendelea kuwa siri hadi miaka ya 1960. Kilichonichekesha ni kwamba Wajerumani walilijua tangu asubuhi ya kwanza. Ndege ya rubani Robert Barlow ilinasa nyaya za umeme karibu na Haldern ikaanguka, wote waliokuwamo wakafa, na bomu likabiringika zima. Wataalamu wa Kijerumani walilifungua, wakalipima, wakalichora. Kwa hiyo kwa takribani miaka 20 siri ilifichwa kwa raia wa Uingereza, wala si kwa adui.

"Gibson ndiye aliyeuvunja ukuta wa Möhne."

Uongo, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Guy Gibson, kamanda wa kikosi akiwa na umri wa miaka 24, alitangulia. Bomu lake lililipuka, maji yakapaa juu, ukuta ukabaki umesimama. Wa pili, John Hopgood, alipigwa na mizinga kabla hajafika. Bomu lake liliruka ukuta likaangukia mtambo wa kufua umeme upande wa pili, na ndege ikalipuka. Wawili tu wa ndege hiyo walinusurika, wakatekwa. Wa tatu alikuwa Mick Martin, naye hakufanikiwa. Bomu la nne, la Henry Young, ndilo linalosadikiwa kuupasua ukuta; la tano, la David Maltby, likaumaliza. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na moja usiku. Pengo lililobaki lilikuwa na upana wa mita 77.

Lakini heshima ya Gibson haiko kwenye bomu lake. Baada ya kulitupa alirudi tena na tena, akaruka ubavuni mwa wenzake, taa zake zikiwa zimewashwa, ili mizinga imfuate yeye. Hapo filamu haikutia chumvi. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na Septemba 1944 ndege yake ikaanguka Uholanzi. Alikuwa na miaka 26.

"Walikuwa Waingereza watupu, tena wakongwe waliochaguliwa mmoja mmoja."

Uongo kwa pande zote mbili. Miongoni mwao walikuwamo Wakanada takribani 30, Waaustralia, watu wa New Zealand, na Mmarekani mmoja, Joe McCarthy, kijana wa New York aliyejiunga na jeshi la anga la Kanada kabla nchi yake haijaingia vitani. Marubani kadhaa Gibson aliwajua na kuwaita. Wengine waliletwa tu na vikosi vyao, na baadhi ya waliopanda ndege usiku ule walikuwa na safari chache mno za vita nyuma yao.

"Mabwawa yote matatu makubwa yalivunjwa."

Uongo, na dai hili ningependa watu walitafakari zaidi kuliko lile la taa. Möhne lilivunjwa. Eder likavunjwa saa nane kasoro dakika nane, na bomu la mwisho lililokuwa limebaki, la Mwaustralia Les Knight. Eder halikuwa na mzinga hata mmoja wa kulilinda; bonde lake jembamba lenye kingo kali lilitosha kuwahangaisha marubani. La tatu, Sorpe, lilibaki.

Sorpe si ukuta wa mawe. Ni tuta kubwa la udongo lenye kiini cha zege katikati, na bomu la kuruka majini halikuwa na faida hapo. Wafanyakazi wa ndege waliambiwa waruke sambamba na tuta, wapite juu ya mnara wa kanisa la kijiji cha Langscheid, na walidondoshe bomu katikati bila kulizungusha. McCarthy ndiye aliyefika kwanza. Mlenga bomu wake, Johnny Johnson, alikataa kuachia mara tisa kwa sababu ndege haikukaa sawa, huku wenzake wakimnung'unikia. Mara ya kumi akaachia. Juu ya tuta pakabomoka kidogo, basi. Bomu la pili, la Mkanada Ken Brown, halikubadilisha kitu. Johnson aliishi kuliko wote: alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 101, wa mwisho wa wale 133.

Wapangaji wa shambulio walijua kabla kwamba Möhne na Sorpe ni ndugu: ukilivunja moja na kuliacha jingine, viwanda vya Ruhr bado vinapata maji. Eder, ambalo ni kubwa kuliko yote kwa ujazo wake wa mita za ujazo milioni 202, halikuhusika na Ruhr hata kidogo. Maji yake yanakwenda upande mwingine, kwenye mto Weser na mifereji ya meli. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, aliliandika jambo hilo baada ya vita kwa mshangao wa mtu aliyenusurika. Oktoba 1944 Waingereza walirudi Sorpe na mabomu mazito zaidi, likakataa tena.

"Jina la mbwa wa Gibson lilitumika kama neno la siri."

Kweli. Gibson alikuwa na mbwa mweusi aina ya Labrador, na jina alilompa ni lile tusi la Kiingereza analolijua kila Mwafrika aliyewahi kutukanwa kwa rangi yake. Mbwa aligongwa na gari akafa usiku uliotangulia shambulio. Möhne lilipobomoka, jina hilo lilipigwa kwa msimbo wa Morse kutangaza ushindi, na makamanda waliokuwa wakisubiri wakashangilia. Limo kwenye filamu pia, ingawa vituo vingine vya televisheni hulikata. Mwaka 2020 jeshi la anga liliondoa jiwe la kaburi la mbwa huyo pale Scampton na kuweka jingine lisilo na jina. Wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa. Sioni kilichofutwa: kila kitabu makini kuhusu shambulio kinalo, na mimi nimekueleza sasa hivi bila kulazimika kulitamka.

"Waliokufa bondeni walikuwa Wajerumani wa viwanda vya silaha."

Hili ndilo dai zito, na ni uongo unaoumiza. Chini ya Möhne walikufa watu takribani 1,300 kwa hesabu ya kawaida. Wapo wanaofikisha hadi 1,600 kwa kujumlisha mabonde yote. Zaidi ya nusu hawakuwa Wajerumani kabisa. Walikuwa wafungwa wa vita na vibarua waliokamatwa makwao na kuletwa kwa nguvu, wengi kutoka Ukraine, Urusi, Poland na nchi nyingine zilizokaliwa.

Mji wa Neheim uko kilomita chache chini ya ukuta. Pembeni mwake palikuwa na kambi ya mabanda ya mbao, ndani wanawake kwa mamia, wengi vijana, waliochukuliwa katika Umoja wa Kisovieti kuja kufanya kazi viwandani. Kambi ilikuwa tambarare kando ya mto na imezungushiwa uzio. Wimbi lilifika likiwa na urefu wa mita kadhaa likayachukua mabanda pamoja na waliolala ndani. Juu zaidi, karibu kabisa na bwawa, kasisi Joseph Berkenkopf alipiga kengele za kanisa la kale la Himmelpforten kuwaamsha waumini wake. Alipiga mpaka maji yakamchukua yeye, kengele na kanisa. Waliomsikia wakakimbilia mlimani walipona.

Hao wanawake filamu haikuwapa nafasi. Propaganda ya Wajerumani nayo haikuwa na haja nao, maana kuwataja ni kukiri utumwa. Kwa hiyo pande mbili zilizopigana zilikubaliana, bila kuandikiana mkataba, kuwasahau watu wale wale. Wallis alipoambiwa ndege 8 hazikurudi alilia kwa ajili ya vijana wa Scampton, na miaka iliyofuata ilimtesa. Mwaka 1951 serikali ilimlipa pauni 10,000 kwa uvumbuzi wake, naye akazitoa zote kwa shule aliyosomea, zisomeshe watoto.

Ndiyo maana inafaa mtu aliyeona Derwent aione na Edersee, ziwa la bwawa la Eder. Karibu na ukuta wa Eder kuna jumba jingine dogo la makumbusho, la watu wa bonde lililofurika, na humo bomu lile lile linatazamwa na waliolipokea. Majumba haya mawili yanazungumzia usiku mmoja, na yeyote aliyeingia moja tu amesikia shahidi mmoja.

"Shambulio lilivisimamisha viwanda vya Ruhr."

Nusu kweli, tena nusu ndogo. Mitambo ya umeme iliharibiwa, madaraja yakachukuliwa, mashamba yakafunikwa tope, migodi ikajaa maji, na uzalishaji ukayumba kwa wiki kadhaa. Kisha Wajerumani wakakusanya watu wapatao 7,000, baadhi wakiondolewa kwenye ngome za pwani ya Ufaransa, wengi wao vibarua wa kulazimishwa, na kufikia mwisho wa Septemba 1943 ukuta wa Möhne ulikuwa umezibwa, tayari kwa mvua za majira ya baridi. Kuna wanahistoria wanaosema kuondolewa kwa nguvukazi hiyo pwani kulikuwa faida kubwa kuliko mafuriko yenyewe. Huenda. Lakini hakuna aliyeweza kueleza vizuri kwa nini, miezi yote minne ukuta ulipokuwa wazi umejaa majukwaa ya mbao na mafundi, hazikutumwa ndege za kawaida na mabomu ya kawaida kuharibu ukarabati.

Faida iliyopatikana mara moja ilikuwa ya kisiasa. Asubuhi iliyofuata shambulio ndege ya upelelezi ilipiga picha za pengo na mafuriko, zikajaa magazetini. Tarehe 19 Mei Churchill alikuwa Washington akihutubia Bunge la Marekani, na shambulio lilikuwamo kwenye hotuba. Picha moja ya ukuta uliopasuka ilitosha kuwaambia Wamarekani na Warusi kwamba Uingereza bado inapiga.

"Kulipiga bwawa ni uhalifu wa kivita."

Mwaka 1943 hapakuwa na kifungu cha sheria ya kimataifa kilichotaja mabwawa kwa jina. Miaka kumi baadaye, kasoro siku chache, ndege za Marekani zilibomoa bwawa la Toksan na mengine ya umwagiliaji huko Korea Kaskazini, na mashamba ya mpunga yakasombwa. Mwaka 1977 ndipo Itifaki ya kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilipokataza, katika kifungu cha 56, kushambulia mabwawa, matuta ya kuzuia maji na mitambo ya nyuklia pale ambapo kinachofunguliwa kitaangamiza raia kwa wingi. Kwa hiyo leo ni kweli, pamoja na vijilango vyake: kifungu kinaacha nafasi iwapo bwawa linasaidia vita moja kwa moja na hakuna njia nyingine ya kuuzima msaada huo. Jeshi lolote lenye wanasheria wazuri litajua pa kupitia.

"Upkeep lilitumika tena baadaye."

Uongo. Lilitumika usiku ule mmoja tu. Wallis aligeukia mabomu mazito ya kuanguka wima, na Kikosi cha 617 kikayabeba. Novemba 1944, pamoja na Kikosi cha 9, kiliizamisha kwayo manowari ya Tirpitz huko Norway. Mapipa ya Upkeep yaliyobaki ghalani, hatari kuyafungua na bila kazi, yalipakiwa kwenye ndege za Lancaster mwaka 1946, yakapelekwa Atlantiki, magharibi ya Scotland, yakatupwa kutoka juu sana bila kuzungushwa.